Mzio Katika Chungu Kimoja

Neno "mzio" lilikuwamo katika Kiswahili muda mrefu kabla halijachukuliwa na hospitali. Maana yake ya asili ni kitu ambacho mtu hujizuia kukila kwa sababu ya ukoo wake, au kwa agizo la mganga. Ndugu yake ni neno "mwiko", ambalo ni jina pia la chombo cha kusongea ugali. Baadaye madaktari na wafasiri walilipa neno "mzio" kazi ya pili, yaani kutaja hali ya mwili kukikataa kwa ghadhabu chakula ambacho watu wengine hukila bila dhara lolote. Maana hizo mbili sasa zaishi katika nyumba moja, tena zapakuliwa kutoka chungu kimoja, na watu wengi hawazitenganishi. Kutozitenganisha huko si kosa la lugha tu. Kwaweza kumwua mtoto mmoja na kumdhoofisha mwingine.

Na ichukuliwe kwa mfano nyumba ya kubuni yenye watu saba, katika mji wowote wa pwani ya Afrika Mashariki. Bibi hali nyama ya kondoo kwa kuwa ukoo wake hauili, na tangu alipopimwa shinikizo la damu ameagizwa apunguze chumvi. Baba akinywa bilauri mbili za maziwa matamu tumbo hujaa gesi na kuharisha. Mama ni mjamzito, naye ameonywa na wazee asile mayai, mtoto asije akazaliwa bila nywele. Shangazi ana mtoto mchanga wa miezi sita, ambaye sasa aanzishwa uji. Kijana wa miaka sita akionja mchicha uliotiwa karanga hutokwa na vipele, midomo humvimba na kifua humbana. Wa saba ni binti aliye kidato cha pili. Aidha, mwezi uliopita wote walikula jodari jioni moja, na kabla ya kulala nyuso zikawawaka, vichwa vikawagonga na ngozi zikawasha. Tangu hapo samaki huyo haingii nyumbani humo.

Wakiulizwa mmoja mmoja, kila mtu atajibu kwamba chakula fulani ni mzio kwake. Na mpishi mwenye huruma, akitaka kumridhisha kila mmoja, ataondoa mayai, maziwa, samaki na karanga kwa mpigo. Kitakachobaki ni ugali na mboga ya majani, na kwa yule mtoto mchanga, uji mtupu. Huruma ya namna hiyo ni ghali mno. Katika orodha nzima ya makatazo hayo, moja tu ndilo linalolinda uhai kwa dakika na saa, nalo ni karanga kwa yule kijana. Mengine yana sababu tofauti na dawa tofauti, na moja halina sababu yoyote ya kisayansi. Katazo la chakula yafaa litolewe kama hukumu ya mahakama, kwa ushahidi. Lakini likithibitika, lisiwe na msamaha.

Kosa la kinga ya mwili

Mzio wa kweli wa chakula, kwa maana ya hospitali, ni kosa la kinga ya mwili. Kinga hiyo, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huiona protini isiyo na madhara, kama ile ya karanga au ya ute wa yai, kuwa ni adui. Hapo hutengenezwa kingamwili za aina iitwayo imunoglobulini E, ambazo hujipachika juu ya seli maalumu zilizoenea katika ngozi, njia ya hewa na matumbo. Chakula kile kile kikirudi, hata kwa kiasi kidogo sana, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyinginezo. Aghalabu dalili huonekana katika muda wa dakika chache hadi saa mbili: vipele vya kuwasha, midomo na macho kuvimba, kutapika, sauti kukauka, kukohoa na kupumua kwa shida. Katika hali iliyo mbaya zaidi shinikizo la damu huporomoka na mgonjwa huzimia.

Jina la kitaalamu la hali hiyo lilibuniwa na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, mwaka 1906. Lakini uthibitisho mzuri kuliko yote wa zama hizo ulitolewa mwaka 1921 na Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner alikuwa hawezi kula samaki aliyepikwa bila kuugua; Prausnitz alikuwa akimla bila taabu. Prausnitz akadungwa majimaji ya damu ya Küstner katika ngozi ya tumbo lake, na siku ya pili akadungwa dondoo ya samaki mahali pale pale. Ngozi ikavimba na kuwa nyekundu, mahali hapo tu. Kwa hiyo kitu kinachosababisha ghadhabu kilikuwa ndani ya damu, wala si katika mawazo ya mlaji. Jaribio la namna hiyo halifanywi tena juu ya binadamu kwa hofu ya kuambukizana magonjwa ya damu, lakini mwalimu atakayelisimulia darasani hatakosa wasikilizaji. Kitu chenyewe kilitambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967, na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali: Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke, huko Denver katika Marekani, na wataalamu wa Uppsala katika Uswidi.

Kwa historia hiyo, lile neno linalosikika mara nyingi majumbani, kwamba mtoto "anadeka" au "hajazoea", halina msingi. Hatari zaidi ni ile fikira ya kumlisha mtoto kidogo kidogo kwa siri ili azoee. Ni kweli kwamba katika hospitali chache za ng'ambo wataalamu huwapa wagonjwa karanga kwa vipimo vya miligramu, wakivipandisha kwa miezi mingi, dawa ya dharura ikiwa tayari mkononi. Jambo hilo halifanywi jikoni na mtu mwenye kijiko na nia njema. Kukaanga hakusaidii pia, kwa kuwa protini za karanga zinazoleta mzio hustahimili moto.

Vyakula vilivyosingiziwa

Kisa cha jodari ni fundisho zuri kwa wanafunzi, kwa sababu dalili zake hufanana na za mzio wa kweli. Nyama ya samaki wa jamii ya jodari, vibua na nguru ina histidini kwa wingi. Samaki akikaa juani au katika chombo kisicho na barafu, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, yaani kemikali ile ile inayomwagwa na seli za mwenye mzio. Basi walaji huipokea histamini ikiwa tayari imetengenezwa sahanini. Kupika hakuiharibu. Alama ya kutambulisha ni kwamba wengi waliokula sahani moja huugua kwa pamoja, ilhali mzio humchagua mtu mmoja. Jamaa wa nyumba ile, kwa kumfukuza samaki, wamemhukumu asiye na hatia. Mkosaji ni saa zile alizokaa bila barafu kati ya mtumbwi na mnada.

Tatizo la baba ni jingine tena. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, ambayo haiwezi kufyonzwa mpaka ikatwe vipande viwili na kimeng'enya cha laktesi katika utumbo mdogo. Kwa watu wengi duniani, wakadiriwao kuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima, kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria huichachusha, na gesi hutokea. Kinga ya mwili haimo katika jambo hili hata kidogo. Inafaa wanafunzi wa Afrika Mashariki wajue kwamba moja ya uvumbuzi mkubwa juu ya suala hili ulitoka kwao: mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukionyesha kwamba miongoni mwa wafugaji yapo mabadiliko ya jeni yanayokifanya kimeng'enya hicho kiendelee kutengenezwa hadi uzeeni, na kwamba mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Maisha ya kufuga na kunywa maziwa yaliandika sheria ile ile mara mbili, kwa herufi mbalimbali.

Kwa baba, basi, hapana haja ya kuyapiga maziwa marufuku. Wengi wa watu wa hali yake huvumilia bilauri moja kwa wakati mmoja, hasa pamoja na chakula, na maziwa ya mgando huwapata vyema zaidi, kwa kuwa bakteria wa kugandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Lakini hapa pana mtego. Wako watoto wachanga wenye mzio wa kweli wa protini ya maziwa ya ng'ombe, na hao mgando hauwafai, maana protini ingalimo. Wala maziwa ya mbuzi hayawafai, ingawa husifiwa sana, kwa sababu protini zake zafanana mno na za ng'ombe. Dalili za watu hawa wawili zaweza kuitwa kwa jina moja sokoni, "maziwa yananikataa", ilhali ushauri wa mmoja ni hatari kwa mwenziwe.

Juu ya mayai ya mama mjamzito maneno machache yatosha. Hapana kingamwili, hapana kimeng'enya, hapana sumu. Upo mwiko wa zamani, uliotajwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kwa sababu mbalimbali: mara mtoto atakosa nywele, mara atakuwa mwizi. Sayansi haina ugomvi na kila mwiko. Bibi akiacha nyama ya kondoo maisha yake yote hadhuriki, kwa kuwa zipo nyama nyingine, na heshima ya ukoo ni jambo lake. Kadhalika makatazo ya dini. Bali mwiko unaomnyima yai mwanamke mwenye mimba, au mtoto anayeanza kula, humwangukia yule yule mwenye haja kubwa kuliko wote, tena mara nyingi katika nyumba ambamo yai ndiyo protini ya bei nafuu inayopatikana kila siku. Si vigumu kuona kwamba nani hubaki akiyala mayai hayo.

Ngano nayo yastahili kutajwa, japo haimo katika orodha ya nyumba ile. Uko ugonjwa wa siliaki, ambao si mzio wa ghafla, bali ni kinga ya mwili kuuharibu utando wa utumbo mdogo kwa sababu ya gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Daktari Mholanzi Willem Karel Dicke ndiye aliyethibitisha, katika miaka ya 1940 na hadi 1950, kwamba ngano ndiyo mkosaji. Jambo hilo huhesabiwa kuwa la Wazungu, lakini mwaka 1999 ilitangazwa kwamba miongoni mwa watoto wa Kisahrawi wa Afrika Kaskazini zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Kwa bahati njema mahindi, mtama, ulezi, mchele, muhogo na ndizi havina gluteni.

Ushahidi na mitego yake

Ikiwa katazo lahitaji ushahidi, ushahidi huo utapatikanaje? Siku hizi wenye uwezo hupeleka damu maabara, na karatasi hurudi ikiwa na orodha ndefu ya vyakula "vilivyokataliwa". Karatasi hiyo yafaa isomwe kwa tahadhari kubwa, na hasa katika nchi zetu za joto. Kuwa na imunoglobulini E dhidi ya chakula si sawa na kuugua kwa chakula hicho. Uchunguzi wa watoto wa shule uliofanywa Ghana, na kutangazwa mwaka 2013, ulikuta zaidi ya watoto 15 katika kila 100 wakiwa na kingamwili hizo dhidi ya karanga. Walipopimwa kwa kuchomwa ngozi, ni wachache sana waliovimba. Sababu iliyoonekana ni minyoo ya kichocho cha mkojo: baadhi ya sukari zilizo juu ya mnyoo zafanana na zile zilizo juu ya protini za mimea, na kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya mnyoo hujishika pia na karanga ndani ya chupa ya maabara, bila kumdhuru mlaji. Mtoto aliyeoga katika mto wenye konokono wa kichocho aweza kuandikiwa mzio wa chakula anachokila kila siku kwa furaha.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kabisa ni habari iliyoandikwa vizuri. Hapa ndipo yule binti wa kidato cha pili anapokuwa na kazi ya maana, yenye kutumia yale anayofundishwa juu ya kuchunguza na kuandika. Daftari lake liwe na tarehe, saa ya kula, chakula na vyote vilivyotiwa ndani yake, kiasi, muda uliopita kabla ya dalili, dalili zenyewe, na watu wengine waliokula sahani ile na hali zao. Safu hiyo ya mwisho peke yake ingemwondolea jodari lawama. Mara tatu za karanga na mara tatu za vipele kwa kijana yule yule, wengine wote wakiwa wazima, ni habari ambayo daktari ataipokea kwa heshima. Lakini binti asimjaribie mdogo wake. Jaribio la kumpa mgonjwa chakula kinachoshukiwa hufanywa hospitali tu, penye dawa na watu wanaojua kuitumia.

Karanga na mtoto mchanga

Suala la yule mtoto wa miezi sita ni gumu kuliko yote, nalo laonyesha jinsi wataalamu wenyewe walivyopata kukosea. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri kwamba watoto wenye hatari ya mzio wasipewe karanga mpaka wafike miaka 3. Shauri hilo lilionekana la busara, lakini halikuwa na jaribio nyuma yake, na mwaka 2008 liliondolewa. Mwaka huo huo uchunguzi wa watoto zaidi ya 10,000 wa Kiyahudi, wengine wa Uingereza na wengine wa Israeli, ulionyesha kwamba mzio wa karanga ulikuwa karibu mara kumi zaidi kwa wale wa Uingereza, ambako watoto wachanga walikuwa hawapewi karanga, kuliko kwa wale wa Israeli, ambako hupewa mapema. Ndipo Gideon Lack na wenzake wa London wakafanya jaribio lenyewe. Walichukua watoto 640, wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa yai. Waliokuwa wameonyesha dalili kubwa ya mzio wa karanga katika ngozi hawakuchukuliwa. Nusu wakapewa karanga kila juma, nusu wakanyimwa, mpaka miaka 5. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalikuwa kwamba katika walionyimwa asilimia 17.2 walipata mzio wa karanga, na katika waliopewa asilimia 3.2 tu. Katazo lililokusudiwa kuwakinga watoto ndilo lililokuwa likiwaongezea ugonjwa.

Hivyo basi, nyumba ile imo katika mgongano wa kweli. Kijana wa miaka sita asiguse karanga hata kidogo, na mtoto wa shangazi afaa kuonjeshwa karanga mapema, baada ya kukamilisha miezi sita ya maziwa ya mama. Wengi wangekata shauri moja kwa wote wawili, na lolote kati ya hayo mawili lingekuwa kosa kwa mmoja wao. Njia ipo, lakini yataka nidhamu. Karanga ya mtoto mchanga iwe ni siagi laini iliyonunuliwa tayari, ikorogwe katika uji mwepesi, kwa maana punje nzima zaweza kumpalia. Alishwe wakati kijana yuko shule, kwa kikombe na kijiko chake peke yake, kisha vyombo na mikono vioshwe kwa sabuni. Ikiwa mtoto huyo ana ukurutu mkali, apelekwe kwanza kwa daktari.

Na hapa lazima lisemwe neno juu ya unga wa lishe. Unga huu wa kuchanganya mahindi, ulezi, soya, karanga, pengine na ngano, na hata dagaa, umewasaidia watoto wengi, na nia yake ni njema. Lakini haufai kuwa chakula cha kwanza. Mtoto akivimba midomo siku ya kwanza, mama atajuaje ni kipi kati ya sita kilichomdhuru? Ataviacha vyote sita, na utapiamlo utaingia kwa mlango uliofunguliwa na tahadhari. Kila kimoja kipewe peke yake kwa siku kadhaa, ndipo vichanganywe. Isitoshe, wasagaji wadogo hutumia mashine moja kwa kila kitu, na mifuko mingi huandikwa sifa za unga kuliko vilivyomo. Nchi za Umoja wa Ulaya hulazimisha vyakula vya aina 14 viletavyo mzio vitajwe, na Marekani, tangu ufuta ulipoongezwa mwaka 2023, hutaja 9. Kumwamuru msagaji wa Afrika Mashariki aandike vilivyomo kwa herufi zinazosomeka si anasa.

Jikoni

Nyumba maskini haina majiko mawili. Kinu ni kimoja, sufuria kubwa ni moja, na mwiko ni mmoja. Kinu cha mti kilichotwangia karanga hakioshiki kikatakata, kwa kuwa mafuta na unga huingia katika nyufa. Mwalimu wa biolojia aweza kuonyesha jambo hili kwa jaribio la biureti: unga wa karanga utageuza dawa iwe ya zambarau mara moja, lakini maji yaliyosuuza kinu yaweza yasigeuze kitu, ilhali yana kiasi cha kumdhuru mwenye mzio. Kinga ya mwili ni pima kali kuliko chupa ya darasani. Kwa hiyo katika nyumba yenye kijana kama yule, karanga hapana budi itoke katika kinu na katika chungu cha wote. Kupika mchicha wa karanga kwa sita na mchicha mtupu kwa mmoja, kwa mwiko ule ule, ni kujidanganya. Tena kumtenga mtoto na sahani yake pembeni kila siku kuna machungu yake.

Lakini atakayeiondoa karanga ajue ameondoa nini. Karibu robo ya uzito wake ni protini na karibu nusu ni mafuta. Konzi ya gramu 30 ina protini ya gramu saba au nane, na hiyo yaweza kurudishwa kwa gramu 35 za maharage au kunde kavu, ambazo wengi wa wenye mzio wa karanga huzila salama ingawa ni jamii moja ya mimea. Au kwa dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na mifupa yao huongeza chokaa kwa baba asiyekunywa maziwa mengi. Mafuta yatarudi kwa tui la nazi. Mchicha wa nazi na dagaa, ukiandaliwa kwa chumvi kidogo, humfaa kila mtu katika nyumba ile, pamoja na bibi; na chumvi hiyo kidogo haiwi adhabu kwa wengine, kwani Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri kila mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku. Yai la mama lichemshwe pembeni. Hakuna anayedhulumiwa.

Hata hivyo ajali hutokea, hasa nje ya nyumba: arusini, kwa jirani, shuleni. Mtoto akianza kupumua kwa shida au kulegea baada ya kula, dawa inayookoa ni adrenalini, ikidungwa katika msuli wa upande wa nje wa paja, bila kungoja. Vidonge vya kuzuia muwasho hutuliza vipele, lakini havifungui koo. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe, au aketi ikiwa hawezi kupumua akilala. Asisimamishwe wala asitembezwe. Zile sindano maalumu za kujidunga hazipatikani kwa urahisi katika nchi nyingi za Afrika, lakini adrenalini ya chupa ndogo ni dawa ya bei nafuu, nayo imo katika orodha ya dawa za lazima. Wazazi wa mtoto wa namna hii na waulize mapema, kabla ya siku ya msiba, kama zahanati yao inayo, na nani ana ufunguo wa kabati usiku.

Shule za bweni ndizo zilizo nyuma kabisa. Karatasi ya kujiunga huorodhesha godoro, ndoo, jembe, ufagio na idadi ya mashati, lakini ni nadra kuuliza mwanafunzi amekatazwa chakula gani na nani alimkataza. Mstari mmoja wa ziada ungetosha, wenye nafasi mbili: moja kwa mzio uliothibitishwa na daktari, nyingine kwa miiko ya ukoo na dini, ili mpishi aiheshimu yote miwili bila kuichanganya. Majina ya nafasi ya kwanza yaandikwe kwa herufi kubwa, pamoja na chakula chenyewe na dalili zake, na karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa stoo, mahali ambapo mpishi hupima unga alfajiri. Wapishi hubadilika kila muhula. Karatasi ibaki mlangoni.